Fungu la Asiyezaliwa

Kugawa ni kazi ngumu kuliko kutafuta. Mtafutaji hushindana na uchache wa kitu. Mgawaji hushindana na uchache huo pamoja na wingi wa wenye haja. Akikabidhiwa chungu kimoja na walaji kumi, mtu mwenye busara atapima, atakadiria, na yamkini wote watainuka bila ugomvi. Lakini afanye nini ikiwa mmoja wa walaji hajazaliwa, haijulikani atazaliwa lini, haijulikani atakula kiasi gani, na jamaa zake wadai kwamba fungu lake litengwe kabla ya mafungu ya baadhi ya walio hai? Swali hili halikutungwa kwa ajili ya mazungumzo ya barazani. Limewashughulisha wahandisi, mawakili, wakulima na maofisa wa serikali katika majimbo ya Colorado, Utah na Wyoming, nchini Marekani, kwa zaidi ya miaka 70. Kazi yao ni kupanga maji kwa ajili ya viwanda vya kutoa mafuta katika mawe. Na viwanda hivyo, kwa ukubwa uliotazamiwa, mpaka leo havijasimama.

Yafaa jiwe lenyewe lijulikane kwanza. Kiasi cha miaka milioni 50 iliyopita palikuwa na maziwa makubwa katika nchi ile. Miani na viumbe vidogo vidogo viliishi katika maziwa hayo, vikafa, vikazama, vikafunikwa na tope laini tabaka juu ya tabaka. Tope likawa jiwe, na mabaki ya viumbe yakawa kitu kiitwacho kerojeni. Kerojeni si mafuta bado. Ilianza safari ya kuwa mafuta ikakwama njiani kwa sababu haikupata joto la kutosha. Atakaye mafuta sharti aimalizie safari hiyo kwa moto. Ama alichimbe jiwe, alivunje na kulitia katika tanuri lenye joto la kadiri ya sentigredi 500. Ama alipashe moto lingali chini ya ardhi kwa muda wa miaka kadhaa, mpaka mafuta yatoke na kuvutwa juu kwa visima. Makadirio ya Idara ya Jiolojia ya Marekani yanasema kwamba mawe ya eneo hilo, yaitwayo mawe ya Green River, yana zaidi ya mapipa trilioni 4 ya mafuta, na kwamba bonde la Piceance peke yake, magharibi ya Colorado, lina karibu trilioni 1.5. Hesabu hiyo ni ya kilichomo ardhini. Kinachoweza kutolewa kwa faida ni jambo jingine, na tofauti ya mambo hayo mawili imewafilisi watu wengi.

Jiwe lililoumbika chini ya maziwa sasa limelala katika nchi kame. Mito ya huko hunenepa theluji ya milimani inapoyeyuka katika Mei na Juni, kisha hukonda kwa miezi iliyobaki. Tena ni katika miezi ya kukonda ndipo kila mtu huwa na kiu kubwa zaidi.

Maji hayageuki kuwa mafuta, walakini mafuta haya hayatoki pasipo maji. Vumbi la machimbo lazima litulizwe. Mitambo ya umeme lazima ipozwe. Mafuta mabichi yatokayo katika jiwe ni mazito, nayo yahitaji kutengenezwa kabla ya kusafirishwa. Jiwe lililokwisha kuchomwa na kuvunjwa huchukua nafasi kubwa kuliko shimo lilimotoka. Hurundikwa kama kilima, na kilima hicho chahitaji kunyweshwa ili kishikamane na kuoteshwa majani. Ikiwa jiwe limechomwa chini kwa chini, mahali pale hapana budi pasuuzwe ili uchafu usiingie katika maji ya ardhini. Zaidi ya hayo, wafanyakazi huja na jamaa zao, na kila nyumba ina jiko, bafu na bustani. Mambo haya hubadilika kwa mahali. Katika Estonia, nchi iliyochimba jiwe la namna hii kwa zaidi ya karne moja na kulichoma ili kupata umeme, maji huingia machimboni, na pampu hazina budi kuyatoa mchana na usiku. Huko maji ni adui wa kufukuzwa. Colorado ni rafiki wa kutafutwa.

Mwaka 2010 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani, ambayo hulichunguzia bunge kazi na matumizi ya serikali, ilikusanya makadirio ya maji hayo. Kwa njia ya kuchimba jiwe na kulichoma juu ya ardhi, pipa moja la mafuta lingehitaji mapipa 2 hadi 4 ya maji. Kwa njia ya kulichoma chini kwa chini, makadirio yalianzia pipa 1 yakafika mapipa 12, na wastani wake ulikuwa kama mapipa 5.

Msomaji asiipite hesabu hii haraka. Na achukue mfano wa viwanda vitakavyotoa mapipa milioni 1 ya mafuta kila siku. Ikiwa kila pipa la mafuta lahitaji pipa moja la maji, maji ya mwaka mzima ni mita za ujazo kama milioni 58. Ikiwa lahitaji mapipa 12, ni mita za ujazo karibu milioni 700. Wenyeji wa nchi ile hupima maji kwa eka-futi, yaani maji ya kuifunika eka moja kwa kina cha futi moja, ambayo ni mita za ujazo 1,233. Kwa kipimo hicho, hesabu ya kwanza yataka eka-futi 47,000 na ya pili yataka 564,000. Viwanda ni vile vile, mafuta ni yale yale. Kilichobadilika ni dhana tu. Mpangaji akiandika namba ndogo, na viwanda vikaja na kiu kubwa, vitayatafuta maji mashambani kwa nguvu ya fedha. Akiandika namba kubwa, na viwanda visije, mabonde yatazamishwa chini ya mabwawa yasiyo na mteja, na deni litalipwa na watu ambao hawakuliomba. Kwa hiyo namba yake, hata ikiwa imetoka katika mashine ya kuhesabia, ni uamuzi uliovaa joho la elimu.

Uamuzi huo ungekuwa mwepesi kama mto ungekuwa hauna wenyewe. Lakini kila tone la mito ile lina historia na lina hati. Katiba ya Colorado ya mwaka 1876 inasema kwamba maji ya mito ambayo hayajatwaliwa ni mali ya umma, na kwamba haki ya kuyatwaa kwa matumizi yenye faida haitakataliwa. Anayetangulia kuyatumia hupewa haki yenye tarehe. Mto ukipungua, mwenye tarehe kongwe hunywa mpaka ashibe, na mwenye tarehe changa huufunga mlango wa mfereji wake. Hakuna kugawana uchache sawa kwa sawa. Anayewahi hupata, na anayechelewa hutazama.

Sheria hiyo ina mlango wa pili. Kujenga bwawa au mtambo huchukua miaka mingi, na mtu hawezi kutia fedha zake katika kazi kama hiyo akiwa hana hakika ya nafasi yake katika foleni. Ndiyo sababu kukawa na haki ya sharti. Mwombaji huenda katika mahakama ya maji, hueleza atakachojenga, naye hutunziwa nafasi yenye tarehe ya leo kwa matumizi ya kesho. Kila baada ya miaka 6 lazima arudi mahakamani kuthibitisha kwamba angali anafanya bidii ya kulitimiza kusudi lake. Akikubaliwa, nafasi yake hubaki. Na siku atakapojenga, tarehe yake ni ile ya zamani, hata kama watu wengine wamekuja baada yake wakapanda mashamba na kujenga miji.

Kuanzia miaka ya 1950 makampuni ya mafuta yaliingia kwa mlango huo kwa wingi katika mabonde ya mito ya White na Colorado. Yalitunza nafasi mahakamani, yakanunua pia mashamba ya mifugo yenye haki kongwe za umwagiliaji. Aghalabu mashamba hayo yalipangishwa tena kwa wafugaji, nao wakaendelea kunywesha majani ya ng'ombe wao kama hapo zamani. Mpita njia huona maji katika mfereji, majani kondeni na ng'ombe malishoni. Hudhani hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika kimo katika karatasi. Mfugaji ambaye baba yake alikuwa mwenye maji amekuwa mpangaji wa maji, na muda wake wa kukaa wategemea bei ya mafuta katika masoko ya mbali asiyoyajua.

Foleni hiyo ya Colorado imo ndani ya foleni nyingine kubwa zaidi. Tarehe 24 Novemba 1922, karibu na Santa Fe katika jimbo la New Mexico, wajumbe wa majimbo 7 walitia saini mapatano ya kuugawa mto Colorado. Majimbo ya juu yalipewa eka-futi milioni 7.5 kwa mwaka, na ya chini kiasi hicho hicho. Majimbo ya juu yalikubali pia kwamba hayataufanya mto upungue chini ya eka-futi milioni 75 katika miaka 10 yoyote ifuatanayo, unapopita mahali paitwapo Lee Ferry. Mwaka 1944 Meksiko iliahidiwa eka-futi milioni 1.5 kwa mkataba. Wagawaji wa 1922 waliamini kwamba mto ulikuwa na zaidi ya eka-futi milioni 16 kwa mwaka, kwa kuwa waliupima katika miaka ya neema. Mwaka 1976 wataalamu Stockton na Jacoby, waliosoma pete za miti ya kale, walionyesha kwamba wastani wa karne nyingi ulikuwa kama milioni 13.5 tu. Tangu mwaka 2000 wastani umekuwa chini ya milioni 13. Katika Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza upungufu katika sehemu ya chini ya mto kwa mara ya kwanza tangu mapatano yale yafanywe. Waligawa mto uliokuwa umeshiba, na wajukuu wao wakarithi mto wenye njaa.

Hapa ndipo mpangaji wa maji ya viwanda agunduapo jambo gumu kuliko yote: haki ya maji si maji. Mapatano ya 1922 yalizilinda haki zilizokwisha kutumika kabla yake. Haki ya sharti ya mwaka 1955 au 1966 haimo katika kundi hilo. Mto ukipungua hata majimbo ya juu yakalazimika kupunguza matumizi yao ili kutimiza ahadi ya Lee Ferry, mwenye haki hiyo aweza kuwa na karatasi nzuri yenye muhuri, na mfereji mkavu. Hii ndiyo sababu mashamba ya zamani yalikuwa na thamani kubwa machoni pa makampuni kuliko eka zake zilivyoonekana. Mnunuzi alikuwa ananunua tarehe.

Hali kadhalika, si haki kuzungumza juu ya foleni hii bila ya kuwataja wenyeji wa kwanza. Makabila ya asili hayakuwa na mjumbe katika mkutano wa 1922; mapatano yaliwataja kwa sentensi moja, ya kusema kwamba wajibu wa serikali ya Marekani kwao haukuguswa. Lakini tangu mwaka 1908, katika kesi ya Winters, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuamua kwamba ardhi inapotengwa kwa ajili ya kabila, maji ya kuitumia ardhi hiyo yametengwa pamoja nayo, hata kama hayajaanza kutumiwa. Watu wa kabila la Ute wana ardhi ya Uintah na Ouray huko Utah ya mashariki, katika bonde ambalo mawe ya mafuta yamo. Basi sheria ya nchi ile yajua namna mbili za kumtunzia maji mtu wa kesho. Namna ya kwanza ni kwa watu ambao watoto wao wanaonekana, wanaitwa kwa majina, na hawana kwao kwingine. Namna ya pili ni kwa mtambo ulioko katika mchoro. Zote mbili huitwa akiba, lakini mizani ya haki haiwezi kuzipima kwa jiwe moja.

Mawe yale yamewaita watu mara nyingi. Mwaka 1916 serikali iliyatenga baadhi yake kuwa akiba ya mafuta ya jeshi la majini. Katika miaka ya 1920 walanguzi wa hisa walikimbilia huko, wakaondoka. Mwaka 1944, vita vikiwa vingali vinaendelea, bunge lilipitisha sheria ya kutafuta mafuta ya kutengenezwa, na jaribio likafanywa Anvil Points, karibu na mji wa Rifle, mpaka katikati ya miaka ya 1950. Mafuta ya Uarabuni yalipozuiwa mwaka 1973, mwito ulisikika tena kwa sauti kubwa kuliko zamani. Mwaka 1980 serikali iliunda shirika la kugharamia mafuta ya namna hiyo, na makampuni yakajenga barabara, nyumba na machimbo katika bonde la Parachute. Bei ya mafuta ilipoanguka, kampuni ya Exxon ilitangaza tarehe 2 Mei 1982 kwamba inaufunga mradi wake wa Colony. Watu zaidi ya 2,000 walipoteza kazi, na wenyeji huiita siku hiyo Jumapili Nyeusi. Mradi wa kampuni nyingine katika bonde hilo hilo uliendelea mpaka mwaka 1991, nao ukafungwa. Sheria mpya ya mwaka 2005 iliamsha majaribio mengine. Chevron ikajitoa mwaka 2012, na Shell mwaka 2013.

Mtu akitaka kuona kwa macho maana ya kumngoja asiyekuja, na aende katika bwawa la Ruedi, juu ya mto Fryingpan. Lilikamilika mwaka 1968, nalo lina nafasi ya eka-futi karibu 102,000. Lilijengwa kama fidia ya maji yanayovushwa kupelekwa upande wa mashariki wa milima, na sehemu ya maji yake ilitazamiwa kuuzwa kwa viwanda vya mawe ya mafuta. Mteja hakuja. Je, maji yalikaa bure? Hayakukaa. Miji iliyanunua baadhi. Chini ya bwawa, mto uliopata maji baridi na ya kadiri ukawa maarufu kwa samaki aina ya trauti, na wavuvi wakaja kutoka mbali, na wenye nyumba za wageni wakapata riziki. Maji mengine hufunguliwa wakati wa kiangazi ili kuusaidia mto Colorado karibu na Grand Junction, katika kipande cha maili 15 ambamo samaki wa asili walikaribia kutoweka kwa sababu mifereji ya mashamba huuacha mto ukiwa na maji machache. Fungu la mgeni limekuwa chakula cha jamaa nzima. Leo mgeni akibisha hodi, hatakuta kiti kitupu. Atamkuta mtu amekikalia kwa miaka mingi, na mtu huyo hakufanya kosa lolote.

Funzo la Ruedi ni kubwa kuliko bwawa lenyewe. Wapangaji wengi huyaona maji ya akiba kama fedha katika sanduku: yamefungwa, yanamngoja mwenyewe. Lakini mto si sanduku. Maji yasiyotumiwa na mmoja hupita mlangoni pa mwingine, na apitiwaye huzoea, hupanda, huzaa. Kadiri kungoja kunavyozidi, ndivyo idadi ya watakaoumia siku ya kuja inavyozidi. Kwa hiyo gharama ya akiba haianzi siku bwawa linapojengwa wala siku kiwanda kinapofunguliwa. Huanza siku ahadi inapoandikwa, na hukua kimya kimya kama riba.

Katika mwisho wa mwaka 2008 kampuni ya Shell iliomba haki ya kutoa futi za ujazo 375 kwa sekunde katika mto Yampa, yaani mita za ujazo 10 na zaidi, ili kulijaza bwawa kwa ajili ya kazi yake ya baadaye. Mto huo ni miongoni mwa mito ya nchi ile ambayo haijafungwa sana na mabwawa makubwa. Wengi walipinga mahakamani: wakulima, miji, watunzaji wa mazingira, hata maofisa wa umma. Katika Februari 2010 kampuni ililiondoa ombi lake. Lakini mabishano yale yalifunua jambo ambalo hesabu hazikulifunua: kila mpingaji alikuja na mpango wake wa kesho. Mji ulitaka maji ya watu watakaozaliwa, mkulima ya ukame utakaokuja, mvuvi ya samaki watakaotaga mayai. Asiyezaliwa wa viwanda alikutana na wasiozaliwa wengine.

Si vema, hata hivyo, kumdharau mpangaji wa maji ya viwanda kana kwamba ni mtumwa wa makampuni. Hoja yake ina uzito. Nchi isiyopanga haiepuki mambo. Hukutwa nayo usingizini. Kama mafuta ya mawe yangepanda bei ghafula, na mpango usiwepo, maji yangekwenda kwa mwenye fedha nyingi, shamba baada ya shamba, usiku baada ya usiku, bila ya mtu kuuliza jumla yake ni nini. Tena yeye aishiye juu ya mto ana hofu ya kweli juu ya aishiye chini. Mapatano hayamnyang'anyi wa juu fungu asilolitumia, lakini mazoea ya wa chini huota mizizi, na mizizi ya mji wenye mamilioni ya watu haing'olewi kwa karatasi. Ndiyo maana sheria ya Colorado ya mwaka 2005 iliyounda mabaraza ya maji ya kila bonde ilikuwa jambo jema. Mabaraza ya kaskazini magharibi yaliagiza uchunguzi juu ya maji yatakayohitajiwa na kazi za nishati, mawe ya mafuta yakiwa mojawapo, na mkulima aliketi pamoja na mhandisi wa kampuni na ofisa wa mji kuitazama hesabu moja. Kutazama hesabu moja si kukubaliana, lakini ni mwanzo wake.

Basi mpango wa haki wafaa uweje? Kwanza, usiandike namba moja pale ambapo elimu ina namba mbili. Kama makadirio ni pipa 1 hadi mapipa 12, watu waonyeshwe yote mawili, tena waelezwe ni jambo gani litakaloisogeza hesabu upande mmoja au mwingine: namna ya kuchoma, namna ya kupoza mitambo, mahali umeme utakapotoka, na kadiri ya maji yatakayotumiwa mara ya pili. Wastani ni kitu chepesi kukumbuka, lakini hakuna kiwanda kilichowahi kunywa wastani.

Pili, umtaje atakayetoa. Katika mto uliokwisha kugawanywa, hakuna maji yatokayo mahali pasipo na mtu. Kila eka-futi iliyowekewa viwanda ni eka-futi iliyoondolewa katika konde, katika mji, katika samaki, au katika ahadi ya Lee Ferry. Mpango unaotaja mpokeaji na kumficha mtoaji ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli katika mambo ya maji yaweza kuumiza kuliko uongo mzima.

Tatu, akiba iwe na siku ya kufa. Mtihani wa kila miaka 6 ni jambo la busara, lakini mtihani ambao hakuna anayeshindwa si mtihani. Bidii ya kumlipa wakili ili alinde nafasi isihesabiwe sawa na bidii ya kujenga. Mwenye kusudi la kweli hatadhurika akiulizwa maswali magumu. Anayeshikilia nafasi ili auze tarehe siku za usoni ndiye aogopaye.

Nne, mgeni akingojwa, walio hai wale, lakini wale wakijua. Mfugaji apangishaye maji ya kampuni, mji unaonunua maji ya bwawa kwa muda, na watunzaji wa samaki wanaotegemea maji yanayofunguliwa kila kiangazi, wote wana haki ya kuambiwa wazi ni kitu gani wamepewa na ni kitu gani wameazimwa. Mtu aweza kuvumilia uchache akiutazamia. Asichoweza kuvumilia ni kujenga maisha yake juu ya kitu alichodhani ni chake, kisha kuonyeshwa karatasi yenye jina la mwingine.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii haikatazi kuutazama msala. Yakataza kuutupa mkeka wa zamani kabla ya kujua kama msala utafika na kama utatosha kukalia. Katika mabonde ya White na Yampa mkeka wa zamani ni majani ya ng'ombe, mashamba madogo, miji midogo na mto wenye samaki. Si utajiri wa kustaajabisha. Mapipa trilioni 4 yanapotajwa mbele yake, huonekana kama si kitu. Lakini umekuwapo kila mwaka, na mapipa yale, mwaka kwa mwaka, yameendelea kuwa hesabu.

Na katika mambo yote ambayo mpangaji hana hakika nayo, moja halina shaka. Jiwe limengoja miaka milioni 50, wala halitaharibika likingoja karne nyingine; kama lina thamani leo, litakuwa nayo siku elimu itakapopata njia ya kulichoma bila ya kuukausha mto. Konde la majani haliwezi kungoja wiki tatu za Julai. Panapokuwa na wadai wawili, na mmoja ana subira isiyo na mwisho na mwingine atanyauka kabla ya mwezi kuandama, mgawaji mwenye haki hahitaji hesabu ndefu kujua ni nani anyweshwe kwanza.